Mmeniuliza safari ilikuwaje, haya sasa

Meseji ya kampuni ya ndege iliingia nikiwa kitandani hospitali nashonwa nyuzi nne juu ya jicho la kulia. "Habari! Tunaamini umefurahia safari yako nasi. Tupe nyota na utuambie wapi tuboreshe." Najua ni kompyuta ndo imetuma, ratiba ilisema tunatua saa kumi na nusu basi saa kumi na mbili ikajituma yenyewe, haina habari kwamba ndege imesimama kwa pua kwenye shamba la watu. Nikamwonyesha nesi, akacheka mpaka akasimamisha sindano. Nimekaa wiki saba najiuliza nijibu au niwaache, leo najibu.

Jina la kampuni siliandiki, uchunguzi haujafungwa na wenyewe wakisoma watajijua. Ni wale wa ndege ndogo za kukodi, abiria watatu na rubani, unaenda asubuhi unarudi jioni siku hiyo hiyo.

Mazuri kwanza, yapo. Kubuki ni dakika tano kwenye simu na meseji wanajibu chapchap, hilo la kujibu chapchap lishikeni maana tutalirudia. Ukifika wanakupima wewe na begi lako kwenye mizani, nilikereka kidogo sitaki kuficha, kupimwa mbele ya watu kama gunia, ila ndege ya viti vinne kila kilo ina hesabu yake na mzigo ukizidi nyuma ndege inakuwa mkaidi kuiongoza. Hapo sina neno.

Ndege yenyewe mabawa juu, injini moja ya pistoni silinda nne, imezaliwa kabla yangu. Msishtuke na umri, ndege ndogo nyingi zinazoruka leo ni za kale, Cessna 172 iliruka mara ya kwanza 1955 na zimeshatengenezwa zaidi ya 40,000 na mpaka leo zinatengenezwa. Umri si tatizo, tatizo ni nani anaisikiliza.

Rubani alikuwa dada wa miaka kama arobaini na kitu, mpole, hana haraka kabisa, na wakati ule hiyo ndo ilikuwa sababu ya mimi kutaka kumkata nyota. Alitukalisha tukajifunza mlango. Si kutuonyesha, ni kila mtu aufungue aufunge mwenyewe, na mkanda hivyo hivyo, fungua funga fungua funga. Nyuma alikaa mzee mmoja na binti yake, mzee akanung'unika, "mwanangu, mikanda tumeanza kufunga kabla hujazaliwa." Akamjibu, "najua mzee wangu, nifungulie mara moja tena." Halafu akashuka na kikombe cha plastiki cheupe akakinga mafuta kidogo chini ya kila bawa akakiinua kwenye jua anakitazama. Mafuta ya ndege hizi yana rangi ya bluu, maji yakiwa yameingia yanakaa chini ya kikombe unayaona. Akamwaga, akakinga tena. Mi naangalia saa tu.

Sasa hapa ndo penyewe. Injini ilipowashwa asubuhi ile ilitetemeka vibaya mno, yaani kama mashine ya kufulia iliyojazwa nguo upande mmoja, inamisi waziwazi hata mimi nisiyejua kitu nikageuza shingo. Dada akakunja uso, akamwita fundi kwa mkono. Fundi akaja mpaka dirishani, ovaroli inapepea kwa upepo wa propela, akasikiliza sekunde tatu nne akapiga kelele, "hii ikiamka iko hivyo, ipe dakika moja!" Ikapewa dakika moja na kweli injini ikatulia ikawa laini kabisa. Dada akapima magneto, kila silinda ina plagi mbili na kuna magneto mbili za kuziwasha, unazima moja unaona mizunguko inapungua kidogo unairudisha, unazima ya pili. Zote safi. Mishale yote ya dashibodi mahali pake. Tukapaa.

Kwenda hakuna la kusema, raha tupu, nilikaa mbele kulia nikapiga picha nyingi ambazo sijazifungua mpaka leo.

Jioni injini ilikuwa imekaa saa sita imepoa. Ikawashwa, ikatetemeka tena. Mi ndo nikawa wa kwanza kusema "bado ina usingizi" na watu wote wakacheka, na dada naye akatabasamu japo nilimwona anaiacha ipashe moto muda mrefu kuliko asubuhi. Akapima magneto. Safi. Tukapaa.

Kama dakika saba hivi baadaye, futi 2,000 juu ya ardhi, ndo ikatokea.

Mi siku zote nilidhani injini ya ndege ikiharibika inanyamaza. Hii haikunyamaza. Ilipiga kishindo kimoja kama mtu kagonga sufuria kwa nyundo, halafu mtetemo ukaja mpaka namba za dashibodi hazisomeki, mtetemo wa kuingia kwenye meno. Mshale wa mizunguko ulikuwa 2,400 ukaanguka mpaka 1,700 ukabaki unachezacheza hapo. Ikaingia harufu ya oili inayoungua, na kwenye kioo upande wangu vikatokea vitone vya kahawia, vinapanda juu badala ya kushuka, upepo unavisukuma. Sijui kwa nini ila vile vitone ndo vilinitisha kuliko kishindo.

Dada hakusema kitu. Alishusha pua kidogo mpaka mwendo ukakaa kwenye noti sabini hivi, kama kilomita 130 kwa saa, halafu mkono wake ukaanza kutembea: joto la kabureta, swichi ya matanki, mchanganyiko wa mafuta, magneto kushoto, magneto kulia, zote mbili. Hakupapasa, kila kitu alikigusa mara moja tu. Sekunde kumi na tano labda. Hakuna kilichobadilika.

Mimi nikafungua mdomo. "Kapteni si turudi, si bado inavuta?"

"Inavuta kwa sasa," akasema, macho nje.

Nilivyokuwa mjinga nikaona huyu dada kaogopa. Uwanja tuliotoka ulikuwa kilomita kama kumi na moja nyuma, injini bado inazunguka, kwa nini tushuke shambani? Alinieleza siku mbili baadaye hospitali akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni na bandeji ya mkono. Futi 2,000 ni kama mita 600. Ndege ya aina ile bila injini, ukiishikilia kwenye mwendo wake mzuri, inasogea mbele mita tisa hivi kwa kila mita moja inayoshuka, piga hesabu unapata kilomita tano na kidogo, na hiyo ni kama hakuna upepo wa usoni na hupotezi kimo kwenye kugeuka. Kati yetu na uwanja kulikuwa na miti halafu mapaa ya nyumba. Nusu injini ingeweza kutufikisha. Pia ingeweza kutubeba vizuri mpaka juu ya mapaa halafu ndo ife. "Ikizimika kabisa kichwa hakisumbuki," aliniambia, "unajua unatua. Ikibaki nusu inakubembeleza."

Nilivyotoka nikaanza kusoma, nina jicho moja limefunikwa sina kazi nyingine. Kumbe hili linajulikana. Shirika la uchunguzi la Australia, ATSB, lilihesabu ndege za injini moja kuanzia 2000 mpaka 2010, zilizopungukiwa nguvu baada ya kupaa zilikuwa 242, zilizozimikiwa kabisa 75, na matukio yaliyoua watu, tisa, yote yalitoka kwenye lile kundi la kupungukiwa. Watu wanageuka kurudi, au wanang'ang'ania kimo mpaka mwendo unaisha na ndege inaanguka kama jiwe. Nilisoma mara tatu. Maana ningekuwa mimi ndo nashika usukani ningerudi, hata sitaki kujidanganya.

Basi akachagua shamba, limevunwa, refu, kushoto kwetu. Akabonyeza redio akaita meidei, ule mwito wa dharura, mara tatu, namba ya ndege, watu wanne, injini, shamba liko upande gani wa barabara kuu, akaweka 7700 kwenye kile kimashine ili kule kwenye rada wamwone. Sauti ni ile ile ya kutufundisha mikanda. Halafu akaanza na sisi.

"Mzee wangu, vua miwani, na kalamu hiyo mfukoni itoe. Dada, koti mbele ya uso, kichwa chini nikisema. Kaka, fungua mlango wako kidogo, weka kitu usijifunge."

Sikuwa na kitu. Nikavua kiatu nikakipachika kwenye upenyo wa mlango. Ni kwamba bodi ikijikunja wakati wa kutua mlango unaweza kuganda ukabaki ndani na mafuta yanamwagika, kwa hiyo unauacha wazi mapema.

Tulivyozunguka mara moja na shamba likawa halina ubishi tena, hata bila injini tunafika, akavuta kitasa cha mafuta akaizima mwenyewe. Aisee. Ile sekunde siwezi kuielezea vizuri. Mtetemo ukaisha ghafla, propela ikasimama imekaa wima mbele yetu kama mlingoti, na unasikia upepo tu. Binti nyuma akauliza kwa sauti ndogo "imezimika?" na dada akamjibu "nimeizima mimi." Sijui kama alikusudia kututuliza ila ilitutuliza.

Akashusha flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vya kupunguza mwendo, umeme akazima, "vichwa chini sasa." Kile king'ora cha mwendo kuisha kilikuwa kinalia bawani wakati tairi za nyuma zinagusa, tukaruka kidogo tukagusa tena, na kwa mita kama sabini nikawa naamini tumemaliza salama salimini. Halafu tairi la mbele likaingia kwenye mtaro wa maji uliofichwa na majani. Likakatika. Pua ikapiga chini, udongo ukafunika kioo chote, kichwa changu kikapata nguzo ya mlango, ndege ikajivuta kidogo ikasimama mkia juu. Kimya. Injini inalia tik tik tik inapoa. Mlango ulifunguka wenyewe, kiatu kilikuwa hakipo.

Mkanda wa begani uliniachia mstari wa zambarau kutoka shingoni mpaka kwenye nyonga uliokaa mwezi mzima na naushukuru. Harrison Ford yule mwigizaji, Machi 2015 ndege yake ya zamani ilizimika Los Angeles akaangukia kiwanja cha gofu, wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, wakakuta kijipande ndani ya kabureta kimejilegeza injini ikawa inapewa mafuta kupita kiasi, na wakasema pia mikanda yake ya begani ilikuwa imepachikwa vibaya kwenye ndege na hiyo ikachangia kuumia kwake vile. Sasa kila nikiona watu wanakaa na mkanda wa kiunoni peke yake napata homa.

Tulitoka wanne, tukapelekwa upande upepo unakotoka, mbali na ile harufu ya mafuta. Dada alibeba mtungi wa zimamoto chini ya kwapa, akatuhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, kisha akajigusa kifuani, wanne. Moto haukuwaka. Akaenda kumkagua mzee, akampa binti koti lake, na baada ya hapo ndo akakaa kwenye tuta, mikono ikaanza kumtetemeka akashindwa kufungua chupa ya maji. Nikamfungulia. Waokoaji walifika dakika kama ishirini na tano baadaye, walishajua waje wapi.

Sasa tatizo lilikuwa nini. Ripoti yenyewe bado ila walichokikuta kwenye injini wachunguzi wametueleza. Valvu ya ekzosi ya silinda moja ilinasa kwenye bomba lake ikagoma kusogea, pushirodi, ile fimbo inayoisukuma, ikapinda na kupasua kasha lake, na hapo ndo oili ikatoka. Valvu inanasa kwa sababu ya masizi, oili iliyoungua na madini ya risasi yaliyomo kwenye mafuta ya ndege vinajijenga taratibu pale valvu inapopita, nafasi inakuwa finyu. Na dalili ya hilo jamani ni moja maarufu: injini ikiwashwa baridi inamisi na kutetemeka, ikipata moto inatulia. Mafundi wa ndege wana jina lake kabisa, wanaita ugonjwa wa asubuhi, kama wa mama mjamzito. Jina linalo! Yaani si siri ya kuvumbua, ukimwambia fundi yeyote wa injini hizi "asubuhi inatetemeka dakika moja halafu inapona" anatakiwa aache chai afungue silinda aangalie valvu. Yule wetu akasema ipe dakika moja.

Na cha kuumiza zaidi karatasi zote zilikuwa sawa. Ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka umegongwa muhuri. Kipimo cha mgandamizo wa silinda kimepita, kwa sababu kinapimwa injini ikiwa ya moto, na ikiwa ya moto valvu hii ilikuwa inafanya kazi yake kama kawaida. Kupima magneto nako ni hivyo hivyo, ni baada ya kupasha. Kila kipimo kilifika wakati ugonjwa umeshajificha, aliyeuona ni yule aliyekuwepo dakika ya kwanza, na dakika ya kwanza tulikuwepo wote tunacheka. Mmoja wa wachunguzi alituuliza mtetemo ule ulikuwa na muda gani, mimi nikasema siku ile, kumbe rubani mwingine alishauandika kwenye daftari la ndege zaidi ya mara moja na kila mara pembeni pamejazwa "imejaribiwa, iko sawa."

Kwa hiyo nyota. Rubani nampa nne na nusu, na hiyo nusu ameikata mwenyewe, nilimwambia nakuandikia tano akatikisa kichwa akasema "lile la asubuhi ningeligomea." Sikubishana naye. Kwangu mimi yale mafunzo ya mlango niliyoyachukia ndo yaliyonitoa, mzee alifungua mkanda wake ndege imesimama kwa pua bila miwani, vidole vinajua vyenyewe.

Kampuni nawapa moja, na hiyo moja ni ya mikanda mizuri.

Maana baada ya ajali ndo nilijua niko na watu gani. Kesho yake wakatoa taarifa kwamba ndege yao "imetua kwa tahadhari kufuatia hitilafu ndogo ya kiufundi, abiria wote wako salama." Kutua kwa tahadhari! Tairi liko mtaroni, propela imekunjwa kama kijiko cha bati, dada mkono umeteguka, mi nashonwa. Siku ya tatu akanipigia kijana mmoja wa ofisini mwenye sauti nzuri, pole nyingi, halafu akaomba zile picha za shambani nisizipeleke popote "kwa heshima ya rubani." Nikampigia rubani, anacheka, anasema mimi tuma tu kaka, heshima yangu iko sawa. Nauli wakasema wanarudisha yote, karatasi ikaja kwa barua pepe, ukurasa wa pili chini kabisa wameandika kwamba nikisaini sitadai kitu kingine chochote milele. Sikusaini. Nauli haijarudi. Begi limerudi baada ya mwezi linanuka mafuta, kiatu hakijulikani kilipo.

Kuna watu wameniuliza nitapanda tena ndege ndogo. Nitapanda. Zipo hata zenye parachuti ya ndege nzima, Cirrus SR22 ina mpini juu ya dari ukiuvuta ndege yote inashuka kwenye parachuti, ila mi nadhani sitauliza kuhusu parachuti. Nitafika mapema, nisimame pembeni, niisikilize ikiwashwa baridi.

Juzi kampuni ikanitumia ofa, "tumekukumbuka, safari yako ijayo ina punguzo, ndege yetu nyingine iko tayari." Nikawajibu pale pale kwa swali moja tu: hiyo ndege asubuhi ikiwashwa inatetemeka? Hawa ndo wale wa kujibu chapchap, nimewasifia pale juu. Tiki mbili za bluu tangu Jumanne.